Tuonyesheni na upande wa nyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Nimesoma kwa furaha makala zenu kuhusu maonyesho ya sanaa ya kale, ya Zama za Kati na ya Renesansi. Zimeeleza vizuri nyuso za watakatifu, mng'ao wa dhahabu, mikunjo ya mavazi na majina ya matajiri waliogharimia kazi hizo. Lakini katika makala zote hizo sikukutana na swali ambalo mimi huanza nalo kila ninapokaribia picha ya zamani: nyuma yake kuna nini?

Mimi ni seremala. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuunda makasha ya kusafirishia kazi za sanaa. Napima, nakata, natandika sponji ndani, nahakikisha kwamba ubao wenye umri wa miaka mia sita hautikisiki njiani. Mtu wa kazi hii huiona picha kabla haijatundikwa, ikiwa imelazwa juu ya meza yenye blanketi na nyuma yake ikitazama dari. Naona alama za randa, matundu ya bungua, misumari iliyofuliwa kwa mkono, mihuri ya nta ya wenyewe wa zamani, vikaratasi vya mnada, namba zilizoandikwa kwa chaki. Kisha picha inakwenda ukumbini, inabanwa ukutani, na yote hayo yanafichwa. Wageni wanalipa kiingilio, wanatazama mbele, wanaondoka. Nasema kwa dhati kwamba wameoneshwa nusu.

Picha hizi hazikuzaliwa kuwa picha za ukutani. Zilikuwa samani. Nyingi zilisimama juu ya altare, yaani madhabahu ya kanisa, zilikuwa na bawaba, zilifunguliwa siku za sikukuu na kufungwa siku za kawaida, na watu walizipitia pande zote.

Chukueni kazi kubwa ya mchoraji Duccio di Buoninsegna. Mwaka 1308 msimamizi wa kanisa kuu la Siena, Italia, alipatana naye atengeneze picha ya altare kuu, na tarehe 9 Juni 1311 ikabebwa kwa maandamano hadi kanisani. Mbele alikuwamo Bikira Maria katika kiti cha enzi, amezungukwa na malaika na watakatifu. Nyuma kulikuwa na mateso ya Kristo, tukio baada ya tukio. Mbao za mbele zilisimamishwa, za nyuma zililazwa, zikashikanishwa kwa misumari. Mwaka 1506 ikaondolewa altareni. Mwaka 1771 ikapasuliwa kwa msumeno katika unene wake, ili mbele na nyuma ziwe vitu viwili, na katika kupasua huko uso wa Bikira na vazi lake vikaumia. Kutenganisha mbao zilizopishana namna ile, zenye misumari ndani, bila kujeruhi upande mmojawapo ni kazi ambayo fundi yeyote makini angeikataa.

Vipande vidogo vya chini vikauzwa kimoja kimoja. Leo viko London, New York, Washington, Fort Worth na Madrid, na vingine vimebaki Siena. Ndiyo maana maonyesho ya uchoraji wa Siena yaliyofanyika Metropolitan Museum, New York, mwishoni mwa 2024, kisha National Gallery, London, mwaka 2025, yalinigusa kuliko mengine yote ya miaka hii. Walikusanya vipande vinane vilivyosalia vya safu ya chini ya upande wa nyuma na kuvipanga kwa mfuatano wake: Kristo anajaribiwa, anawaita wavuvi, yuko arusini Kana, anazungumza na mwanamke Msamaria, anamponya kipofu, hadi Lazaro anatoka kaburini. Wengi waliona hadithi imeungana tena. Mimi niliona ubao umeungana tena. Safu ile ilichorwa juu ya ubao mrefu uliolazwa, na nyuzi za mbao zilizokatishwa kule Siena ziliwekwa jirani kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 250. Mti uliotoa ubao ule ulikuwa popla, mti laini, mwepesi, unaopindwa upesi na unyevu, na unaopendwa mno na bungua. Waitalia waliutumia kwa sababu ndio uliokuwapo kwa wingi. Kila uzuri tunaousifu katika picha za Siena na Florence umejengwa juu ya ubao ambao mimi nisingeuchagua hata kwa kabati.

Na hapo ndipo ufundi ulipo. Cennino Cennini, mchoraji wa Toscana aliyeandika maelekezo ya kazi hii karibu na mwaka 1400, anaeleza gundi ya jibini na chokaa ya kuungia mbao, vitambaa vya kitani vya kufunikia viungo, tabaka juu ya tabaka la jasi iliyosagwa laini, udongo mwekundu chini ya dhahabu, na jino la mbwa au la mnyama mwingine mla nyama la kung'arishia dhahabu hiyo. Rangi yenyewe, ile ya kiini cha yai, inakuja mwishoni kabisa. Mgeni anayesimama mbele anaona kazi ya mwisho tu. Ya kwanza, iliyobeba nyingine zote kwa karne saba, imegeuziwa ukuta.

Someni kadi ya maelezo pembeni ya picha yoyote ya aina hii. Mara nyingi imeandikwa kwamba ni rangi na dhahabu juu ya ubao. Ubao gani? Unene wake kiasi gani? Ulikatwa? Ulipigwa randa baadaye ukawa mwembamba? Hakuna. Kama kadi ya sanamu inaweza kutaja marumaru ya Paros au ya Carrara, kwa nini mti usitajwe kwa jina lake?

Maana mti unasema mengi. Wachoraji wa Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, walitumia mwaloni ulioletwa kwa meli kutoka pwani za Baltiki, na kwa kuhesabu pete za ukuaji wataalamu wanaweza kukadiria mti ulikuwa bado umesimama hadi lini, na hivyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Katika mapambo ya altare ya kuchongwa ya Antwerp utakuta mkono mdogo umechomwa kwa chuma cha moto juu ya mbao, na katika yale ya Brussels nyundo ya mbao. Ni alama za vyama vya mafundi, ushahidi kwamba mkaguzi alipita akaridhika na ubora. Ninapokutana na alama hizo najisikia nimesalimiwa na mtu wa kazi yangu. Mara nyingi ziko mahali ambapo mgeni hawezi kuziona mpaka mtu amwoneshe.

Hata picha mashuhuri kuliko zote ina habari zake za nyuma. Mona Lisa imechorwa juu ya ubao mmoja wa popla usiozidi sentimita moja na nusu kwa unene. Kutoka ukingo wa juu unashuka ufa kuelekea kichwani mwa mama yule, na nyuma fundi wa zamani aliuzuia usiendelee kwa kupachika kipande cha mjozi chenye umbo la kipepeo. Ni dawa ileile ambayo seremala wa leo angeitumia kwa meza iliyopasuka. Mamilioni ya watu hupita mbele ya picha ile kila mwaka, na ni wangapi wanaojua kwamba wanaiona nzima kwa sababu ya kipande kile cha mti?

Kuna makumbusho yanayofanya vizuri, na nayataja kwa heshima. National Gallery of Art ya Washington ina picha ya Leonardo da Vinci, yule aliyechora Mona Lisa, ya msichana Ginevra de' Benci, nayo imesimamishwa katikati ya chumba, mbali na ukuta. Unazunguka, na nyuma unakuta amechora shada la matawi ya mlaureli na mtende, katikati tawi la mreteni, na utepe wa Kilatini usemao kwamba uzuri hupamba wema. Hapo nyuma ndipo unapoona wazi kwamba sehemu ya chini ya ubao ilikatwa, kwa sababu shada limekatika pamoja nayo. Anayetazama uso peke yake anaweza kuamini kwamba Leonardo alikusudia kuishia kifuani. London, ile picha ndogo ya kukunja ya Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza, iliyochorwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 14, imewekwa ndani ya kabati la kioo ili uone na paa mweupe mwenye mnyororo wa dhahabu aliyechorwa upande wa nje. Florence wamezisimamisha picha za mtawala wa Urbino na mkewe, kazi ya Piero della Francesca, ili magari ya ushindi yaliyoko nyuma yaonekane. Colmar, Ufaransa, mabawa ya picha ya altare ya Isenheim, yaani mbao zake za pembeni zinazofunguka, yamepangwa mbalimbali ukumbini, na mgeni anatembea katikati ya tabaka zake kama anayeifungua mwenyewe.

Kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 Museo del Prado ya Madrid iliandaa maonyesho mazima juu ya upande wa nyuma wa picha. Mwaka 2024 Metropolitan Museum ikaonyesha picha za sura za watu wa Renesansi pamoja na vifuniko na migongo yake. Niliposikia habari hizo nilifurahi, kisha nikajiuliza kwa nini jambo hili lisubiri maonyesho maalumu. Maonyesho yakiisha, picha zinarudi kwao na kugeuziwa ukuta tena.

Najua kwamba hamu ya kuonyesha pande zote imewahi kuleta madhara, na sitaki kuficha hilo. Picha ya altare ya Ghent, Ubelgiji, iliyoanzwa na Hubert van Eyck na kukamilishwa na mdogo wake Jan mwaka 1432, ilikuwa na mabawa yaliyochorwa mbele na nyuma. Mabawa kadhaa yalifika Berlin katika karne ya 19, na mwaka 1894 makumbusho ya huko yakayapasua kwa msumeno katika unene, mwaloni mwembamba ule, ili wageni waone pande zote mbili zikiwa zimetundikwa ukutani kwa wakati mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza yakarudishwa Ubelgiji. Aprili 1934 mwizi akaiba vipande viwili ambavyo kabla ya msumeno vilikuwa ubao mmoja: Yohane Mbatizaji na Waamuzi wa Haki. Yohane alirudishwa. Waamuzi hawajaonekana hadi leo, na mahali pao pamekaa nakala. Msumeno ulikuja kwa sababu ukuta ulifikiriwa kuwa mahali pekee pa picha. Stendi imara katikati ya chumba ingetosha, na stendi ni kazi ya siku chache kwa seremala yeyote anayejua kuunga mbao.

Madhara mengine yalitokana na watu kuuona ubao kuwa kitu kisicho na maana. Picha ya Raphael iitwayo Madonna wa Foligno ilichukuliwa na jeshi la Ufaransa na kupelekwa Paris, na huko, mnamo 1800 na 1801, mbao zake ziliondolewa kutoka nyuma mpaka ikabaki ngozi ya rangi, ikabandikwa juu ya turubai. Nyingine nyingi zilipunguzwa kwa randa na kubandikwa nyuma kimia cha papi za mbao ili zisipinde, na kwa kuwa mbao hutanuka na kunywea kila majira, zilipozuiwa kupinda zikapasuka. Hata marumaru hayakusalimika. Mawe ya ukanda wa michongo wa Parthenon, hekalu la kale la Athens, yalikatwa migongo na watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza, ili yapungue uzito wa kusafirisha. Na hebu fikirini, sanamu za juu, zile zilizokaa katika pembetatu chini ya paa la hekalu lilelile, zilichongwa hadi nyuma kwa uangalifu uleule wa mbele, ingawa zilikaa juu sana mahali ambapo hakuna macho ya kibinadamu yangeziona. Leo mgeni wa British Museum anaweza kuzizunguka. Nimewaona wengi wakipiga picha mbele na kuendelea na safari, na hakuna kadi iliyowaambia wazunguke.

Kwa sanaa ya kale zaidi nitaje picha za maiti za Misri ya enzi ya Warumi, zile sura za watu wenye macho makubwa zilizowekwa usoni pa miili iliyofungwa sanda. Nyingi ni mbao nyembamba sana za mti wa linden ulioletwa kutoka ng'ambo ya bahari, zimekatwa pembe za juu ili zikae vizuri ndani ya vitambaa. Mojawapo, iliyochimbuliwa Tebtunis na kuhifadhiwa Berkeley, California, ina mchoro nyuma yake na maelezo mafupi ya rangi za mavazi, kumbukumbu ya fundi kwa ajili ya kazi yake mwenyewe. Ni sauti ya mtu wa kazi ya zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Ukiitundika ukutani, umemnyamazisha.

Yapo pia mambo ambayo nyuma pekee huyafundisha. Sanamu za mti za Ujerumani za mwishoni mwa Zama za Kati, kama za Tilman Riemenschneider, mara nyingi zimechimbwa nyuma zikawa na uvungu. Mgeni akiona uvungu huo anaweza kudhani ni uvivu au ubahili. Kumbe moyo wa gogo hukauka polepole kuliko nje, na usipoutoa sanamu itapasuka kifuani. Mchongaji alitoa moyo wa mti ili uso udumu. Maelezo hayo yangetosha mistari miwili kwenye kadi, na mtoto wa shule angeyaelewa.

Watunzaji wana hoja zao, nami nazijua kwa sababu tumebishana mara nyingi. Picha nyingi zimefunikwa nyuma kwa kibao cha kinga ili unyevu usibadilike ghafla, na mwenye mali anayeazimisha huweka masharti kwamba kisifunguliwe. Sawa kabisa, hata mimi sitaki kifunguliwe. Stendi ya katikati inakula nafasi na inahitaji kioo na mlinzi. Ni kweli. Lakini picha hizi, kabla ya kusafiri, hupigwa picha mbele na nyuma kwa ajili ya ripoti ya hali yake, na ripoti hiyo husainiwa kila zinapotoka na kila zinapofika. Picha ya nyuma ipo tayari, imelala kwenye faili. Kuichapisha kwa ukubwa wake halisi na kuiweka pembeni ya kazi yenyewe hakuhitaji kugusa ubao hata kwa kidole. Katika makumbusho moja nilipendekeza jambo hilo, nikajibiwa kwamba wageni hawatavutiwa na mbao. Sikubaliani. Nimewahi kuwaonyesha watoto wa mafundi wenzangu nyuma ya ubao mmoja wa zamani, na maswali yao yalituchelewesha kazi: nani alipiga msumari huu, mdudu alitokea wapi, kwa nini hapa pamekatwa.

Tena suala hili lina uzito zaidi ya udadisi. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Florence, na Karamu ya Mwisho ya Giorgio Vasari, iliyochorwa mwaka 1546 juu ya mbao tano kubwa, ikakaa majini zaidi ya saa kumi na mbili. Mbao zilivimba, kisha zikanywea, na rangi ikabaki haina mahali pa kukaa. Ilihifadhiwa kwa miongo kadhaa kwa sababu hakukuwa na njia ya kuaminika ya kuirudisha. Iliponyanyuliwa tena katika kanisa la Santa Croce, Florence, mwaka 2016, ikiwa na mtambo wa kuipandisha juu maji yakija, waliofanikisha ni pamoja na watu wanaoelewa mbao kwa undani wake. Watu hao ni wachache duniani. Getty Foundation ya Los Angeles ililazimika kuanzisha mpango wa kufundisha vijana kazi hii kwa sababu mabingwa wake walikuwa wanakaribia kustaafu. Kijana atavutwaje na kazi ambayo kila ukumbi wa maonyesho umeificha?

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Waandishi wenu wanapoalikwa siku ya kufungua maonyesho, waulize mti uliotumika, waulize kama ubao umekatwa au kupunguzwa na mwaka gani, waulize ulisimama wapi kabla ya kufika pale, waombe picha ya nyuma na muichapishe karibu na ile ya mbele. Wasimamizi wa maonyesho husoma magazeti. Wakiulizwa mara kwa mara, watayaweka majibu kwenye kadi.

Wenu,
Seremala wa makasha ya kazi za sanaa